Mwezi wa Kabichi Kufunga

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo wanyama walipikia vyungu na kuazimana chumvi, palikuwa na Pimbi mmoja aliyekaa na mama yake kwenye mapango ya mlimani. Pimbi mnamjua, wanangu? Mnyama mdogo, mviringo, masikio mafupi, mkia hana. Ukimwona ametulia juu ya jiwe utadhani ni jiwe jingine.

Mama yake alikuwa mkongwe, meno yamemwisha kinywani. Hakuweza kula ila mboga laini, iliyochemshwa ikachemka. Mwaka mmoja Pimbi akampandia mchicha, ukastawi kweli kweli. Asubuhi moja akatokea Nyati, akainamisha kichwa. Hwap! Hwap! Hwap! Jua halijapanda, mchicha umekwisha.

"Bwana Nyati, ule mchicha wangu!" Pimbi alilia.

Nyati akamjibu huku akitafuna, "Kama ni wako, niondoe."

Amwondoe na nini? Kiangazi chote mama yake aliishi kwa uji wa mizizi. Alikonda hadi kanga ikawa inamzunguka mara tatu.

Mwaka uliofuata ndege Kwale alirudi safarini, nchi ya mbali, na kijifuko cha mbegu ndogo nyeusi kama ulezi. Akampa Pimbi.

"Hizi ni kabichi," alisema. "Ndani nyeupe, ukiichemsha laini kama wali. Lakini haitaki mpandaji tu, inataka mlezi."

"Mimi namlea mama," Pimbi alisema. "Itanishinda kabichi?"

Akazisia kwenye kitalu kidogo, akakitilia kivuli cha majani makavu. Miche ilipofikisha majani matano akaihamishia bustanini, jioni, jua likiwa limepoa. Kila shimo alitia konzi ya samadi iliyooza vizuri, na kati ya mche na mche aliacha nafasi ya kulala pimbi wawili bila kupigana mateke. Asubuhi aliokota viwavi mmoja mmoja, akawanyunyizia majivu waliojificha. Majani yakatanuka mapana kama sinia.

Siku moja akaona majani ya katikati yameanza kukumbatiana. Pimbi akaruka juu.

"Mama! Mama ee! Kabichi zimeanza kufunga!"

Kumbe sauti ilifika bondeni. Ti! Ti! Ti! Huyo Nyati, anapanda mlima. Nyuma yake alikuja rafiki yake Ngiri, mwenye meno mawili yaliyopinda juu na jicho la kushuku kila kitu.

"Nimesikia kelele," Nyati alisema, akitazama bustani na kumeza mate. "Lo! Majani gani haya?"

"Kabichi," Pimbi alijibu.

"Na umesema zimefanya nini?"

"Zimefunga."

Nyati alikuwa tayari ameinamisha kichwa. Akakiinua taratibu. "Zimefunga? Saumu?"

Pimbi alimtazama Nyati, akatazama kabichi, akamtazama tena Nyati. Hapo akili ikamcheza kichwani kama samaki kwenye maji.

"Kwani kuna kufunga gani kwingine, Bwana Nyati?" alisema kwa upole. "Zimeingia mwezi wao leo. Siku thelathini. Ukitaka kula, kula. Mimi ni nani nikuzuie? Ila usije ukasema sikukwambia."

"Hukuniambia nini?"

"Yule Nyumbu wa ng'ambo hukusikia habari zake? Alimla aliyefunga. Na tumbo lake likafunga vile vile. Siku tisa! Hakikutoka kitu. Lilivimba, ukiligusa linalia ndu, ndu, ndu, watoto wakalichezea ngoma."

Nyati akarudi nyuma hatua mbili. "Haraka ya nini?" alisema. "Nitangoja zifungue. Zikifungua, zote zangu."

"Zote zako," Pimbi alikubali. "Kama zitafika."

"Kama zitafika? Nini cha kuzizuia?"

"Si unajua mwenyewe, aliyefunga hagusi maji mchana. Hungoja futari, kisha daku. Sasa kimo changu ni hiki, na mto uko kule chini. Nitazihudumia zote mimi? Zitakufa kwa kiu, na wewe ukose."

"Ha! Maji tu?" Nyati alitikisa kichwa. "Nitaleta mimi."

"Na magugu," Pimbi aliendelea, akimgeukia Ngiri, "ni majirani wasio na adabu. Yanakula mbele ya wenye saumu. Nani atayang'oa?"

Ngiri alinung'unika, lakini Nyati alimtazama kwa jicho moja tu, ikatosha.

Basi ikawa hivyo, wanangu. Kila jioni jua likizama, Nyati alipanda na mitungi miwili inayoning'inia kwenye pembe, chubwi, chubwi, akamimina taratibu penye mashina. Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, alikuja tena na maji ya daku. Hakuna mkulima asiyejua kwamba hizo ndizo saa bora za kumwagilia. Nyati hakuwa mkulima. Naye Ngiri alipalilia kwa meno yake, kruu, kruu, udongo ukawa laini kama unga. Pimbi akabaki na viwavi tu.

Wiki ya tatu Ngiri akasimama katikati ya tuta.

"Wewe Pimbi, hebu njoo. Aliyefunga hukonda. Mbona hizi zinanenepa?"

Pimbi alicheka.

"Shemeji Ngiri! Hujawahi kuona watu mwezi wa futari? Mchana wanalia njaa, mwisho wa mwezi nguo haziwatoshi!"

Nyati aliangua kicheko hadi maji yakamwagika. "Kweli! Hata shangazi yangu hivyo hivyo!"

Ngiri hakucheka. Aliinama, akaendelea kupalilia.

Siku ya thelathini, mchana wa jua kali, Nyati alikuwa akigaagaa matopeni na Ngiri amelala shimoni. Pimbi alipita kabichi baada ya kabichi akizibonyeza. Ngumu. Nzito. Akachukua kisu. Tii! Kichwa kimoja. Tii! Cha pili. Alikata chini ya kichwa, akayaacha majani ya nje kwenye shina yametandazwa vile vile. Akaviringisha vichwa hadi ndani ya pango lenye baridi, akavipanga juu ya mawe, kimoja kimoja, mgongo ukimuuma na jasho likimtiririka.

Alipoingiza kile cha mwisho, akakuta chungu kinatokota.

"Mama! Si tungoje Nyati na Ngiri waje, waondoke kwanza? Harufu hiyo!"

"Nimengoja tangu mwaka jana," mama alisema, na kijiko tayari kinywani. Akafumba macho. "Mwanangu, hii haihitaji hata jino moja."

Jua lilipoanza kuzama, Pimbi alipanda juu ya jiwe akapiga ukelele: "Mwezi umeandamaaa! Kabichi zimefungua!"

Nyati alikuja mbio, Ngiri nyuma yake, mlima ukatetemeka. Aliona majani yamefunguka, mapana, kila shina. "Zimefungua kweli!" Akatumbukiza mdomo. Kra! Kra! Akatafuna, akatafuna tena. Uso ukaanza kukunjamana.

"Pimbi! Majani magumu, machungu. Na katikati mbona hamna kitu?"

"Bwana Nyati," Pimbi alisema kwa huzuni, "aliyefunga siku thelathini, ulitegemea kukuta nini tumboni mwake?"

Nyati akaacha kutafuna. Alifikiri. Alifikiri sana.

"Maskini," alisema mwishowe. "Zilijinyima hivyo, viumbe hawa!" Akang'oa majani machache zaidi kwa heshima, akayameza kwa shida, akageuka kwenda zake.

Lakini Ngiri alikuwa ameinama juu ya shina moja. Aliona mkato, safi, bado unatoa maji. Akainua pua. Fff, fff. Harufu ya mboga ilikuwa ikitoka pangoni. Akamtazama Pimbi.

"Bwana Nyati," Ngiri aliita, "tangulia tu. Nakuja."

Walipobaki wawili, Ngiri aliuliza polepole, "Kufunga. Kabichi ikifunga, maana yake nini hasa?"

Pimbi aliona uongo hautamfikisha tena. "Majani yanakumbatiana, yanafanya kichwa. Ndivyo wakulima wanavyosema."

"Basi?"

"Basi."

Ngiri alikaa chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Pimbi alidhani ni hasira, akajiandaa kukimbia. Kumbe ni kicheko.

"Mwezi mzima! Mwezi mzima napalilia saumu! Nikimwambia Nyati, atauliza mbona mimi niliyepiga magoti humo kila siku sikujua."

"Atauliza," Pimbi alisema.

"Na kijiji kizima kitaniimba."

"Kitaimba, shemeji."

Ngiri akajifuta machozi. "Haya. Nipe ujira wangu, na mdomo wangu nao utafunga."

Pimbi alimletea kabichi tatu, zile kubwa kubwa, maana palizi ilikuwa palizi ya kweli. Akamwonyesha namna ya kuzichemsha, akampakulia na mbegu kidogo kutoka kwenye kijifuko, apande mwenyewe kwake. Ngiri akazifunika kwa majani ya mgomba, akashuka kwa njia ya nyuma ili asikutane na mtu.

Hadithi yangu naitua hapo, wanangu, nanyi mkaichukue: anayekitaka chakula asichojua kinavyolimwa, hubeba maji mwezi mzima akaishia kutafuna majani ya nje.