Kwa Nini Upanga wa Jogoo Una Mikunjo

"Huo mzunguko wa tatu unataka nyuzi tatu, wifi. Wewe umeshika nne."

"Wa kwanza ulinipa uzi mmoja. Wa pili ukanipa nyuzi mbili. Mbili ni moja mara mbili. Basi wa tatu ni nne. Au kwenu mbili mara mbili ni tatu?"

"Kwetu tunaongeza mmoja mmoja. Ndivyo tulivyokuta."

"Umekuta, lakini hujui sababu."

"Sababu ninayo hii hapa, kifuniko cha mama yangu kilikaa juu ya ghala miaka tisa. Wewe umezaliwa kwa wafinyanzi, umekulia kwenye udongo, leo unawafundisha wenye mlima kusuka."

"Basi niache nisuke kwa udongo wangu."

Mboza akanyanyuka, akakung'uta kanga yake, akaenda zake kuchambua mboga. Nakijwa akabaki uani peke yake, na nyuzi nne mkononi.

Hayo yalitokea zamani sana, bibi alituambia, wakati ambapo vichwa vya jogoo na tetea vilikuwa sawa, vyote laini kama yai. Ukimwona jogoo kwa mbele hukujua ni nani mpaka awike. Na wakati huo wanawake wa mlimani walisuka kila mtu alivyojaliwa. Mmoja aliongeza nyuzi chache mno, kifuniko chake kikajikunja kama bakuli. Mwingine aliongeza kwa kukisia, kikapinda upande. Wachache tu, kama mama yake Mboza, walikuwa na mkono ulionyooka, nao hawakuweza kumweleza mtu kwa nini.

Nakijwa alikuwa ameolewa na Kibua, kaka yake Mboza, mwaka mmoja tu uliopita. Mama mkwe alikuwa amekwishafariki, na Kibua alikuwa nyikani kutafuta chumvi, hatarudi mpaka baada ya mvua. Ghala la ulezi lilikuwa limejaa hadi mdomoni, lakini kifuniko cha zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa. Desturi ya mlima ule ilikuwa moja: kifuniko cha ghala husukwa na mke wa nyumba, wala haazimi cha mwingine. Mboza alivuka bonde kuja kumwonyesha, akamletea mzigo mmoja wa nyuzi za mgomba, nyuzi themanini, kama mama yake alivyozoea. Kila uzi ulitosha mishono sita. Kifuniko cha ghala lile kilihitaji mizunguko kumi na miwili.

Siafu walikuwa wamekwishaanza kuhamisha mayai. Mvua ilikuwa mbali kwa siku mbili tu, na nyuzi mpya za mgomba huchukua siku sita kukauka. Nakijwa alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba ulezi ule ulikuwa chakula cha mwaka mzima, na ndani yake mbegu za msimu ujao. Ukilowa, umekwisha.

Basi akasuka. Mzunguko wa tatu akatia nyuzi nne, na mkono wake ukaenda vizuri. Wa nne akatia nane. Hapo kifuniko kikaanza kuinuka kidogo pembeni, akakikandamiza kwa goti. Alifikiri kitatulia. Wa tano akatia kumi na sita. Mishono ilikuwa mingi na mahali pa kuikalisha hapakuwapo, kama wageni ishirini walioalikwa kwenye mkeka wa watu kumi. Ikasukumana, ikapanda juu, ikashuka chini. Nakijwa akajisemea kwamba kitu kizuri hakikosi taabu. Mzunguko wa sita akatumia nyuzi nyekundu za mzigo ule ule, zile zilizopakwa rangi iliyochanganywa na utomvu wa mgomba ili ishike. Nyekundu huwa ni za ukingo, lakini nyeupe zilikuwa zinamwishia. Akatia thelathini na mbili.

Alipomaliza mzunguko huo, kitu kilichokuwa mapajani mwake hakikuwa kifuniko. Kilikuwa na mawimbi kote ukingoni, kama sikio la mbwa aliyeumwa na nyuki.

Mboza akarudi na ungo wake wa mboga. Akakitazama muda mrefu, akaweka ungo chini.

"Hiki ni nini, wifi?"

"Kifuniko."

"Cha kufunika nini? Hata mlenda ungetoroka humo."

Nakijwa alikuwa akihesabu nyuzi zilizobaki. Zilikuwa kumi na saba. Akahesabu na zile alizozitumia: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili. Jumla sitini na tatu. Na mzunguko wa saba, kwa hesabu yake mwenyewe, ulitaka sitini na nne. Mzunguko mmoja tu ulitaka zaidi ya yote aliyokwishasuka tangu asubuhi. Na baada ya huo kulikuwa na mitano mingine, kila mmoja ukimeza yote yaliyoutangulia na kuongeza uzi mmoja juu. Migomba ya mlima mzima isingetosha.

"Nimekosea," akasema.

Mboza alikuwa ametayarisha maneno mengi ya kusema siku hiyo, maana mawifi hawakosi. Lakini alipomwona Nakijwa amekaa vile, mikono imelegea, akayameza. "Hebu tufumue," akasema.

Wakajaribu kufumua. Uzi wa mgomba ukishakazwa hauna subira, ukiuvuta unakatika. Nyuzi sita zilikatika mfululizo, wakaacha. Nakijwa akachukua kisu akaukata ule ukingo mwekundu, akidhani labda kilichobaki kitalala chini. Hakikulala. Ukingo wenyewe, uliojaa mikunjo, akautupa karibu na kinu.

Hapo ndipo Jogoo alipopita.

Jogoo wa siku zile alikuwa mtu wa kujipenda sana, na uchungu wake mmoja ulikuwa kile kichwa chake kisicho na kitu. Akauzunguka ule ukingo mara mbili. Akaukanyaga aone kama unauma. Akauweka kichwani, akaenda hadi kwa Tetea aliyekuwa akijipaka vumbi.

"Mama watoto, nimependeza?"

Tetea akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. "Umependeza. Ila ukiinama kitaanguka."

"Sitainama."

"Na kula utakulaje?"

Jogoo hakuwa amefikiria hilo. Akasimama wima kando ya kinu, shingo imenyooka, akisubiri apate jibu.

Wakati huo Nakijwa alikuwa na jambo moja kichwani. Chakula cha mwaka kilikuwa kimekwisha kumponyoka, hilo alikubali. Lakini mbegu hazihitaji ghala zima. Mbegu za shamba lote zinaenea katika chungu kimoja, na vyungu alikuwa navyo vitatu, alivyopewa kwao siku ya kuolewa, kila kimoja na upana wake wa mdomo.

"Wifi," akauliza, "nyuzi kumi na saba, nikiongeza mmoja mmoja kama ulivyosema, zitanifikisha mzunguko wa ngapi?"

"Sijui. Sisi tunasuka tu, zikikoma tunakoma."

"Mimi sisuki tena kwa kukisia."

Akachota punje za ulezi kiganjani, akazipanga juu ya jiwe la kusagia. Punje moja. Chini yake mbili. Chini yake tatu, kisha nne, kisha tano. Akazihesabu zote, zikawa kumi na tano. Mstari wa sita ungetaka sita, naye alikuwa na nyuzi mbili tu za ziada. Basi ni mizunguko mitano, haitazidi. Akavipima vyungu vyote vitatu kwa shubiri, akachagua kile ambacho mdomo wake ulifunikika kwa mizunguko mitano. Kilikuwa kidogo kuliko vyote. Akakijaza mbegu, akashindilia, kisha ndipo akaanza kusuka.

Safari hii kifuniko kililala. Kila mzunguko uliongeza mishono sita, si zaidi, na kila mshono ukapata pa kukaa. Alipokaza uzi wa kumi na tano, tone la kwanza lilimwangukia mkononi. Mvua haikungoja siku mbili. Mboza akakibeba chungu mbio hadi ndani, Nakijwa nyuma yake ameshika kifuniko kwa mikono miwili, wakakifunga na kukisiliba kwa udongo. Udongo huo Nakijwa aliukanda mwenyewe, na Mboza akamshikia kifuniko.

Mvua ilinyesha siku tisa. Waliufunika ulezi wa ghalani kwa majani ya mgomba, lakini upepo uliyapeperusha kila mara. Ulezi ukalowa, ukaota. Mboza ndiye aliyesema usitupwe, maana ulezi ulioota ni kimea, na hakuna nyumba mlimani isiyotaka kimea cha pombe. Wakaukausha juu ya moshi wa jikoni, wakabadilishana na majirani, kimea kwa magimbi. Mwaka ule Nakijwa na mumewe walikula magimbi asubuhi, magimbi mchana, na jioni magimbi, hata Kibua akasema akiona jingine atarudi kwenye chumvi. Lakini walikula. Na mbegu zilikuwa kavu siku ya kupanda, kila punje.

Zile siku tisa za kufungiwa ndani hazikupotea bure. Nakijwa alikuwa na punje zake kando ya moto, akizipanga mistari kumi na miwili, kutoka moja hadi kumi na mbili. Kuzihesabu moja moja kulimchosha. Ndipo akaona kwamba mstari wa juu kabisa una punje moja na wa chini kabisa una kumi na mbili, ukiviunganisha ni kumi na tatu. Wa pili kutoka juu una mbili, wa pili kutoka chini una kumi na moja, ni kumi na tatu tena. Tatu na kumi, kumi na tatu. Kila jozi ilikuwa kumi na tatu, na jozi zilikuwa sita. Kumi na tatu mara sita ni sabini na nane.

"Mboza," akaita, "mzigo wa mama una nyuzi themanini kwa sababu kifuniko kinakula sabini na nane. Mbili ni za kukatika."

Mboza alikuja akachuchumaa mbele ya punje zile. Alikuwa amesuka tangu akiwa na meno ya utoto, na mara zote alipojaribu kifuniko cha kipimo kingine, ama nyuzi zilimpungukia, ama alikata migomba mingi akaacha nyuzi zikioza. Alizitazama punje kwa muda, akaenda kugeuza magimbi motoni.

Na Jogoo? Mvua ilimkuta bado amesimama kando ya kinu, shingo imenyooka. Ule utomvu uliokuwa kwenye rangi nyekundu ukalowa, ukayeyuka, ukashuka mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Jua lilipotoka ukakauka. Jogoo akainama kwa woga kudonoa punje moja, na kilemba hakikuanguka. Akadonoa ya pili. Akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote, kikacheza huku na huku lakini hakikutoka.

Na tangu siku hiyo jogoo ana upanga mwekundu kichwani, wenye mikunjo na mawimbi, maana umebeba mishono mingi kuliko nafasi yake. Na tangu siku hiyo msichana wa mlima ule akianza kusuka haanzi na ghala. Huanza na kifuniko cha chungu cha mbegu, mizunguko mitano, nyuzi kumi na tano, akiongeza mmoja mmoja. Akishindwa kujizuia akazidisha mara mbili, wenzake hawamgombezi. Humwonyesha jogoo tu.

Msimu uliofuata ulezi ulikubali. Mboza alijenga kwake, ng'ambo ya bonde, ghala ambalo halijapata kuonekana mlimani, mdomo wake mpana wa kupitisha ndama. Siku moja asubuhi Nakijwa alimwona anapanda njia, mikono mitupu, panga amelitia kiunoni. Alimkaribisha kiti, hakuketi. Alimkaribisha uji, akasema ameshakunywa. Alisimama pale mlangoni, akaangalia migomba, akaangalia miguu yake, kisha akasema:

"Wifi, kabla sijakata hata mgomba mmoja, nihesabie. Mizunguko ishirini inakula nyuzi ngapi?"