Mwanamize na Sanamu ya Fundi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa uzi na sindano, mwenye masikio na atege.

Hapo kale palikuwa na mji, na mji una fundi mmoja wa nguo, Shekuwe. Fundi huyu hapimi mtu. Ana sanamu ya mti, nyembamba kama mwiko, kichwa chake kama ndimu, na kila gauni hulikata juu ya sanamu hiyo. Likikubana, kosa lako.

Mjini humo aliishi Mwanamize, mshona kofia, mwanamke wa haja: mpana, mzito, mcheshi. Bintiye, Mboni, akaposwa. Siku ya harusi wanawake hucheza lelemama kwa sare, na mama wa bibi harusi ndiye anayeongoza mstari. Asiye na sare hachezi. Ndiyo ada.

Mwanamize akaenda kwa fundi. Gauni la sare halikupita mabegani.

"Punguza chakula, dada."

Akapunguza. Akarudi. Halikupita.

"Jifunge mkaja."

Akajifunga mpaka pumzi ikampaa. Akarudi. Halikupita.

"Basi kaa jikoni na wenzio wasioingia gauni. Mboni atachezewa na shangazi zake."

Alilia, jamani, nisiwafiche. Kisha akapangusa uso. "Mwanangu nimemzaa kwa mwili huuhuu," akasema, "na kwa mwili huuhuu nitamchezea."

Sasa sikilizeni. Fundi ni mjomba wa bwana harusi, na mjomba haingii harusini kichwa wazi. Kofia atashonewa na nani? Mmejua wenyewe.

Asubuhi ya harusi Fundi akaja kuichukua. Kofia safi, ya hariri. Akaivaa, ikakaa utosini kama kifuniko cha birika.

"Umepima kichwa cha nani, Mwanamize?"

"Cha sanamu yako."

"Hainiingii."

"Punguza chakula."

"Kichwa hakipungui kwa njaa, dada."

"Basi kifunge mkaja. Au kaa jikoni."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Fundi aliona haya, akatoa kamba ya kupimia. "Simama nikupime."

"Si mimi tu. Waite wote waliokaa jikoni."

Wakaitwa. Mishono ikafumuliwa, vipande vikaongezwa, mpaka adhuhuri. Ndipo Mwanamize akafungua sanduku, akampa Fundi kofia ya kichwa chake, iliyokuwa tayari tangu juzi.

Alasiri Mwanamize akaongoza mstari. Nyuma yake wanene kwa wembamba, warefu kwa wafupi, na Bi Kombo mwenye kibiongo, ambaye tangu usichana wake mji haujawahi kumwona akicheza.

Ngano nimeipiga pindo hapa. Ikikutosha, ivae. Isipokutosha, ifumue uishone upya.