Kardani ya Mbele

Kwaru. Kwaru-kwaru. Kisha kimya. Kisha tena: kwaru.

Sauti hiyo ndogo ilitoka jikoni, katika giza la kabla ya adhana ya alfajiri, na mtu asiyeijua nyumba ile ya Buyenzi angedhani ni panya anayeguguna mfuniko wa sufuria. Hakuwa panya. Alikuwa Mwantum, ameketi juu ya kigoda, amepakata difu kuukuu ya gari dogo kama mtu anavyopakata kichanga, akiizungusha kwa mkono taratibu ili mumewe na mtoto wasiamke.

Difu ni lile fungu la meno ya chuma linaloyagawia magurudumu nguvu ya injini. Mwantum akiushika upande wa kulia usizunguke, wa kushoto ulikimbia kama mwehu. Akiuachia wa kulia na kuushika wa kushoto, mwehu alihamia upande wa pili. Aliliona jambo hilo kwa macho yake, lakini maana yake ilimponyoka kama kambale mkononi. Jioni iliyopita, katika masomo ya usiku ya chuo cha ufundi wa magari, Mwalimu Valéry alikuwa ameandika swali ubaoni: ikiwa gari la kifahari linasukumwa na magurudumu yote manne wakati wote, ya nini basi kuwekewa kitufe cha kuifunga difu ya katikati? Darasa zima lilikuna vichwa, wanaume pamoja na Mwantum, mwanamke pekee darasani.

Swali hilo lilimkosesha usingizi, ingawa halikuwa zito kama lile la staji, mazoezi ya kazi gerejini. Mwanafunzi asiyepata gereji ya kufanyia staji haruhusiwi kufanya mtihani, na asiyefanya mtihani huaga chuo. Mwantum alikuwa amezizunguka gereji za mtaa wao moja baada ya nyingine. Mafundi wengine walimcheka kwa adabu, wengine bila adabu. Ilibaki gereji moja tu, nayo ilikuwa ya Huseni, mume wake wa ndoa.

"Apana, Mama Houda," Huseni alikuwa amemjibu, si kwa ukali, bali kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha upande wa upepo. "Mi gereji yangu haijapungukiwa mikono. Na watu watasema nini? Huseni ameshindwa kazi, analaza mke wake chini ya magari?"

Huseni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi ambaye injini ikikohoa barabarani yeye huitambua angali kitandani. Ila alikuwa na kasoro ya mafundi wengi hodari: aliamini kwamba msaada ni deni.

Alfajiri hiyo alikuwa hajakunja msala wake vizuri simu ilipolia. Sauti ya Callixte, mwenye V8, gari kubwa jeupe la kukodisha kwa ajili ya harusi, ilijaa chumba kizima.

"Huseni! We fundi wa namna gani? Gari imezama mu matope hapa Ruziba! Bibi harusi iko ndani na veli yake, misa ya kwanza inamungoja kanisani!"

"Isukumeni, patron," Huseni alimjibu tajiri huyo.

"Imesukumwa na mashangazi wote wa bibi harusi! Sasa hata mashangazi wamezama!"

Huseni alinywea kama kitambaa kilichokamuliwa. Alijua kosa lilipokuwa. Siku petroli ilipoadimika mjini na foleni za vituoni zikawa ndefu kuliko subira ya watu, Callixte alikuja kumwomba aipunguzie V8 yake kiu. Huseni akafanya kama wafanyavyo mafundi kadhaa: akaitoa kardani ya mbele, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, akaiweka pembeni katika gereji yake, jirani na nyumba. Kisha akaifunga difu ya katikati kwa kitufe, kwa sababu bila kufanya hivyo gari lilinguruma tu pasipo kusogea, akamwonya Callixte asikiguse kamwe. Tangu hapo gari la miguu minne likatembea kwa miwili. Kwenye lami hakuna aliyejua. Matope yalijua.

"Iko gari ya nani tunaweza kwenda nayo?" Huseni alijisemea, huku akiiburuta kardani kutoka pembeni. Msaidizi wake alikuwa amekwenda mazishini Bubanza. Alipogeuka alimkuta Mwantum amekwisha jifunga kitenge kiunoni, Houda mkononi, macho ya mtoto yakiwa bado yamejaa usingizi.

"We unakwenda wapi?"

"Ruziba."

"Kufanya nini?"

"Kushika upande wa pili. Mikono yako iko miwili, Baba Houda. Mumoja unashika kardani, mumoja unakaza bolti, na ncha ingine utaishika na meno?"

Huseni akamkabidhi sanduku la spana. Wakaazima Probox, gari la jirani yao Twalibu, fundi wa kupaka magari rangi, ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

"Loo! Leo unakwenda kazini ama unakwenda kutembea?" Twalibu aliuliza akimpa Huseni funguo. "Mke yuko, mutoto yuko. Nazi na wali viko wapi?"

Walipofika Ruziba, mvua ilikuwa imekatika lakini njia ya kutoka nyumbani kwa bibi harusi ilikuwa bado uji mtupu. V8 ilikuwa imeinua pua juu na kuketi matakoni, utepe wa waridi ukining'inia kwenye kioo kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Viti vya ngozi viling'aa ndani, maana fahari haijui aibu. Callixte alisimama pembeni na suti yake nyeusi, matope yamempanda hadi magotini. Bibi harusi peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu: alikuwa ameshusha kioo, anakula karanga.

"Na huyu?" Callixte aliuliza, akimwelekezea Mwantum kidevu.

"Ananishikia tu," Huseni alinong'ona.

Lile neno "tu" lilimchoma Mwantum kuliko baridi ya alfajiri. Alimkabidhi Houda kwa shangazi mmoja mwenye mwavuli, akavaa salopeti, ovaroli ya kazi ya msaidizi, akatambaa chini ya gari.

Chini kule hapakuwa na mume wala mke. Palikuwa na matope na chuma. Mwantum aliibeba kardani kifuani, Huseni akilenga matundu. Bolti ya kwanza iliingia, naye Mwantum, kwa bidii yake, akaikaza mara moja mpaka mwisho. Kardani ikaenda upande.

"Taratibu!" Huseni alimkemea. "Kidogo huku, kidogo kule, zote zikaribie pamoja. Ukikaza moja, ingine haitaona njia."

"Nimesikia, chef."

"Usiniite chef. Niko mume wako, si bosi."

"Ndiyo, chef."

Hata Huseni alicheka, na tone la matope likamwingia mdomoni. Bolti ya mwisho ilipokaa, walitoka nje wakiwa wa rangi moja.

Huseni akapanda, akakibonyeza kile kitufe na kuifungua difu. "Sasa iko na kardani zake zote," alimwambia Callixte kwa fahari. "Kitufe ilikuwa ya kudanganyia tu. Hii gari inasukuma na miguu yote wakati wote, haina haja ya kusaidiwa."

Akakanyaga mafuta. Gurudumu moja la nyuma, lile lililozama kwenye uji, lilizunguka kwa kasi ya feni na kummwagia Callixte matope kuanzia tai hadi viatu. Matatu yaliyobaki yalitulia tuli kama wageni wanaongoja chakula. Huseni akajaribu tena. Gari likazama zaidi.

"Mana yanje!" Callixte alimwita Mungu wake kwa kelele. "Ninaita lori! Na lori ikifika, Huseni, jina lako nitalitangaza kuanzia hapa mpaka Gasenyi!"

Huseni aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Alikuwa amerudisha kila kitu mahali pake, na bado gari lilimkatalia.

Mwantum alichuchumaa kando. Alilitazama gurudumu lililokimbia bila kushika kitu, akayatazama yale matatu yaliyosimama juu ya ardhi ngumu, na mara viganja vyake vikaisikia tena ile difu ya jikoni: upande ulioshikwa hutulia, upande usio na kazi hukimbia. Maana iliyokuwa ikimponyoka ikaja yenyewe, ikakaa kitako.

"Baba Houda, usizime! Nguvu inakimbilia asiye na kazi!"

"Unasema nini?"

"Difu iko na adabu nyingi," alisema, akishika mlango wa gari kwa mikono miwili. "Kwenye lami, gari ikipiga kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Difu ya katikati inaacha kila upande uende mwendo wake, na ni vizuri. Lakini hapa moja limekosa pa kukanyaga, halina kazi, nayo difu inalipatia hilo nguvu yote kwa sababu halibishi. Hayo ingine yanabaki mikono mitupu. Kitufe inafunga mbele na nyuma pamoja. Wa nyuma akizunguka, wa mbele lazima naye azunguke. Si ya kudanganyia. Ndiyo kazi yake hii."

Callixte aliishusha simu. Mashangazi walisogea karibu. Huseni alimtazama mkewe mbele ya halaiki ile, na wakati huo ulikuwa mzito kwake kuliko kardani.

"Uko na hakika?"

"Cheti sina bado," Mwantum alijibu. "Hakika niko nayo."

Huseni akakibonyeza. Taa ndogo ya manjano ikawaka. Akaachia mafuta kwa upole, bila pupa. Nyuma kukateleza, lakini safari hii mbele nako kukaamka: magurudumu yakauma ukingo wa mawe, yakateleza, yakauma tena, na V8 ikainuka kama bibi kizee anyanyukaye mkekani, kwanza mikono, kisha magoti, kisha mgongo mzima. Ilipokanyaga ardhi kavu, vigelegele vya mashangazi viliwafukuza ndege mashambani. Bibi harusi akaomba karanga nyingine.

Lami ilikuwa karibu. Mwantum akalikimbilia gari na kugonga kioo. "Sasa ifungue difu! Kwenye lami ukiiacha imefungwa, vyuma vitapigana mpaka vivunjike."

"Penye matope tufungane, penye lami tuachiane nafasi," Callixte alisema, akijifuta tai. "Ewe! Hayo mi nitawaambia maharusi. Na hiyo kardani, Huseni, usiitoe tena. Heri nipange foleni ya petroli."

Jua lilikuwa limepanda waliporudi Buyenzi. Twalibu aliwaona akaiacha brashi yake. Mafundi wa gereji za jirani nao wakasogea, maana alipo Twalibu hapakosi kicheko.

"Mama Houda, hiyo rangi mi sikuipaka!" alisema. "Huseni, ulimupeleka akushikie taa, akaanguka?"

Wakacheka. Mwantum alisimama na salopeti yake iliyokauka matope. Staji yake, mtihani wake na yote aliyoyafikiria kwenye kigoda gizani yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wa mumewe. Huseni alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Ingekuwa rahisi kucheka nao. Kicheko hakikumgharimu kitu.

"Hakushika taa," alisema mwishowe. "Alishika kardani. Nami nilipokwama, yeye ndiye aliyejua nguvu inakopotelea. Nilimwambia gereji yangu haijapungukiwa mikono. Wallahi, ilipungukiwa. Kesho anaanza staji hapa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, kesho tuko na kazi. Jifya moja haliinjiki chungu, Twalibu. Chungu cha leo tumekiinjika pamoja."

Kicheko kilikauka. Twalibu alimtazama Huseni, akamtazama Mwantum, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei asiyoiamini. Kisha akachuchumaa mbele ya Houda.

"We Houda, mutoto hadanganyi. Nani alikuwa chini ya ile gari?"

Houda alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, kisha akasema kwa sauti iliyosikika mpaka gereji ya tatu:

"Walikuwa wote wawili."