Kikapu cha Nungunungu

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa gani hiyo ya wenye homa? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo sawa. Mwanakheri, toa kidole puani tuanze.

Basi, palikuwa na Kindi, mama wa watoto wanne, mpishi hodari. Kila mteja alikuwa na kikapu chake mtini. Ukiagiza, Kindi anatia humo alama: jani moja ni mboga, kokoto tatu ni matonge matatu. Kisha anapakua kwa kufuata kikapu.

Akaja Kiboko. Tifu! tifu! tifu! Siku ya kwanza akala chungu kizima. Siku ya pili akala chungu kizima. Watoto wa Kindi wakalala njaa siku zote mbili. Mimi hasira zinanipanda hata sasa!

Siku ya tatu Kindi akakipandisha chungu juu mtini. Kiboko huyo, tifu! tifu!

"Shusha chakula!"

"Shikamoo, mzee. Unaagiza nini?"

Kiboko akatazama vikapu. Cha Nungunungu kilikuwa kimetuna kuliko vyote.

"Nitengenezee kama kile! Vyote vilivyomo!"

"Hata vya chini, alivyorithi kwa bibi yake?"

"Hata vya bibi yake! Kikikosekana kimoja, nauangusha mti huu!"

Kindi akasuka kikapu kingine, akatia yaliyomo katika kile. Jani moja. Kokoto mbili. Halafu, chini kabisa, kata ya maji, na mchi mnene.

"Ebo! Mchi wa nini?"

"Wa kutwangia, mzee. Mwaka wa ukame bibi yangu alimlisha bibi yake Nungunungu. Tangu hapo watu wa ukoo ule, kabla hawajala, huteka mitungi saba, hutwanga mahindi, kisha huwashukuru wanangu mmoja mmoja. Umesema vyote, na mimi mti wangu naupenda."

Wateja wote walikuwa wamemsikia Kiboko akiagiza vyote, angekataaje? Na harufu ya chakula, jamani, ilikuwa inamwita!

Akateka. Chubwi! chubwi! mara saba. Akatwanga. Tu! tu! tu! mpaka jua la utosi. Ikabaki kushukuru.

"A... a..."

"Bado, mzee."

"Ahs..."

Jasho likamtiririka. "Ahsante!" akanguruma, mara nne.

Kindi akamshushia mboga na matonge mawili.

"Mawili tu?"

"Kokoto ni mbili, mzee."

Kiboko akala hayo mawili. Unga alioutwanga ukasongwa ugali, watoto wakala wakashiba. Mdogo kabisa akateremka na tumbo lake, akasema, "Ahsante, babu Kiboko."

Kiboko hakuwahi kuambiwa neno hilo tangu azaliwe. Akasimama pale, hajui aweke wapi uso, kisha akaondoka polepole.

Kesho yake asubuhi Kindi akasikia mtoni: chubwi! chubwi! Na Kiboko hakuna aliyemtuma.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aondoke nayo. Aliyeichoka aniachie, nitamsimulia paka.

Na funzo lake, wanangu: msimshukuru mtu ovyo. Unamshukuru mara moja tu, kesho anakuamsha kwa kelele za mitungi.