Bakuli la Bi Mize

Sogeeni karibu, kwa maana watu wa mji ninaousimulia walikatazwa kusogeleana. Zimwi la maradhi lilikuwa likizunguka mitaani, na kila mtu alijifungia kwake.

Mwanakheri alikuwa na magunia ya mchele, lakini kila jioni alinung'unika, roho ikimuuma. Kwenye kidirisha cha ukuta uliotenganisha nyumba zao alimwona jirani yake maskini, Bi Mize, akisema "Alhamdulillahi," na bakuli lake la udongo likijaa uji lenyewe.

"Niazime hilo bakuli," alidai. Bi Mize akampitishia dirishani.

Siku ya kwanza Mwanakheri alishukuru kwa mchele wake, bakuli kavu. Siku ya pili alishukuru kwa dhahabu yake, kavu. Siku ya tatu alishukuru kwamba sasa Bi Mize hana kitu. Bakuli likaingia ufa.

Hapo akagundua kuwa upande wa pili ni kimya, hata ufagio hausikiki. Akatega sikio ukutani mpaka akasikia kikohozi chembamba.

"Alhamdulillahi, yu hai," ikamtoka. Bakuli likafurika.

Kwao chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akalipitisha dirishani likifuka mvuke.

"Bi Mize, wewe ulikuwa ukishukuru nini siku zote?"

"Nilikuwa nakusikia ukinung'unika, mwanangu. Nikajua siko peke yangu."

Yangu yameishia hapo. Aliye na bakuli la jirani alirudishe, na lisiwe tupu.