Faili Lililofutwa Mara Mbili

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Jambo moja likiwa na wakubwa wengi, kila mmoja akiamua lake, huharibika mbele ya macho yao wote.

Katika jengo moja la Buguruni, Gaudens alikuwa na ofisi ya kutengeneza programu za kompyuta. Yeye na wasaidizi wake, Rukaiya na Farhan, walitengeneza programu ya kupokea simu za wajawazito wa Mtoni na kuwaitia gari la wagonjwa. Kila simu ilifunguliwa faili ndani ya kompyuta. Kazi ikiisha, faili lilipaswa kufutwa na mmoja tu; mwingine akirudia kulifuta, programu nzima ilizimika kama kibatari kilichopulizwa.

Rukaiya aliandika fanksheni ndogo, yaani vipande vya programu, za kupokezana mafaili hayo, na juu ya kila moja akaweka maelezo: hii huazimisha faili, aliyeazima asilifute; hii hukabidhi faili, aliyepokea ndiye mwenyewe, naye ndiye atakayelifuta. Gaudens alipoyaona maelezo hayo alikunja uso, akayaondoa yote.

"Unatuandikia hadithi? Hapa sote ni wenyewe. Anayemaliza kula aondoe sahani!"

"Bosi, sahani moja haiondolewi na watu watatu."

"Sista, una maneno wewe!" Farhan akacheka. "Nenda kafundishe chekechea."

Rukaiya alimeza hasira chungu kama shubiri.

Jumatatu asubuhi, Zubeda, mkunga mkuu wa kituo cha Mtoni, alipanda ngazi za ofisi ile akifura.

"Shikamoo, mama," Rukaiya alisema.

"Marahaba, ila shikamoo haizalishi mtu! Mzazi kapiga simu, programu yenu ikazimika. Kajifungulia kwenye kibaraza cha duka la mkaa! Mama na mtoto wako hai kwa rehema za Mungu, si zenu. Mlituambia faili likifutwa mara mbili programu huzimika. Nani kafuta lake?"

"Sehemu yangu hulifuta gari likishaitwa," Farhan alijibu.

Gaudens akatazama sakafu. "Na yangu hulifuta simu ikikatwa."

"Wawili? Basi mpaka adhuhuri muwe mmerekebisha. La sivyo, kituo kinahamia kwingine."

"Turudishe maelezo kwanza," Rukaiya alisihi. "Tuandike mwenyewe ni nani."

"Hakuna muda wa insha!" Gaudens alifoka.

Kwa papara akaondoa amri ya kufuta katika sehemu yake. Farhan naye, kwenye meza ya pili, akaiondoa katika yake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Sasa hapakuwa na wa kufuta. Simu zilipoanza kuingia, mafaili yakarundikana kama taka za sokoni wakati wa masika, hata kompyuta ikakabwa kwa kukosa nafasi. Kabla ya adhuhuri, programu ikazimika tena.

Zubeda alikuwa bado amekaa pale akisubiri. Alichomoa mezani pao simu ya kituo iliyounganishwa na kompyuta, akaitia mkobani, akashuka bila kuaga.

"Si ulisema utafuta wewe!" Gaudens alimkaripia Farhan.

"Nani kasema? Si wewe uliyesema sote ni wenyewe?"

"Mmefuta kila kitu," Rukaiya alisema, "isipokuwa kilichopaswa kufutwa."

Wakaendelea kugombana huku kazi imekwishaondoka, na wazazi wa Mtoni hawana wa kuwapokelea simu. Ama kweli, nahodha wengi, chombo huenda mrama.