Mbegu za Juu ya Meko

Hadithi njoo, ukae nami na wanangu karibu na moto.

Nyamizi aliachiwa na mama mkwe wake mbegu za mtama, uwele na kunde, zikining'inia juu ya meko ili moshi uzilinde na wadudu. Siku moja zimwi likapiga hodi, limebeba mahindi manene kama mkono.

“Mama, nipe mtama wako, nikupe haya.”

Mtama ukalia: “Nyamizi, nani atakulisha jua likikaza?” Nyamizi akautoa, akapanda mahindi, akavuna sana.

Msimu uliofuata zimwi likaja na mahindi mengine kuchukua uwele. Nao ukalia vilevile, akautoa.

Likaja tena, likacheka. “Na hivi vikunde vyenye masizi unavitunza vya nini?” Kunde zikalia, akazitoa.

Kisha mvua ikagoma. Mahindi yakanyauka yalipofika magotini. Nyamizi akalifuata zimwi porini.

“Baba, nirudishie hata kunde tu.”

“Nilizila zote, mama,” likajibu kwa upole. “Ulidhani nazichukua nikazipande?”

Nyamizi akarudi mikono mitupu kwa watoto wenye njaa. Jioni akawasha moto, na moshi ukapanda juu ya meko, usikute cha kulinda.

Hapo hadithi yangu inakaa, wanangu, na moshi wake.